Kipimo cha vinasaba kwa watu wa makamo: nilicholipia na nilichopata

Huduma ninayoitathmini hapa ni kipimo cha vinasaba kinachouzwa mtandaoni na kampuni ya nje ya nchi kupitia wakala wake wa Dar es Salaam. Ahadi yake ni kumweleza mtu mwenye umri wa miaka 40 hadi 60 ni kwa kiasi gani jeni alizozaliwa nazo zinamweka katika hatari ya kupata sindromu ya metaboliki. Nililipa shilingi 520,000, nikasubiri wiki tisa, nikapata ripoti ya kurasa 38. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa sababu kasoro kubwa nilizozikuta ni za bidhaa za aina hii kwa jumla, na mtu akinunua kwa muuzaji mwingine hatakosa kukutana nazo.

Sikununua kwa udadisi mtupu. Nina miaka 49. Baba yangu alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 58, na mama yangu, anayeishi Tanga, ana kisukari tangu mwaka 2004. Katika ukoo wetu neno "sukari" halikosi kutajwa kwenye kikao chochote cha familia, na mara nyingi anayelitaja ameshika soda mkononi. Nilipoona tangazo linalodai kwamba mate kidogo yangetosha kunionyesha kama nimerithi ya mama au nimesalimika, nilishawishika, ingawa sasa naona kwamba swali lenyewe lilikuwa limeulizwa vibaya tangu mwanzo.

Kwa asiyeifahamu, sindromu ya metaboliki ni mkusanyiko wa hali kadhaa za mwili ambazo hupenda kuandamana, na ambazo zikikutana kwa mtu mmoja humwongezea hatari ya kisukari na ya magonjwa ya moyo. Mwaka 1988 daktari wa Marekani Gerald Reaven aliueleza mkusanyiko huo akauita Sindromu X, akiamini kwamba mzizi wake ni mwili kuikaidi insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Kitambi hakikuwamo kwenye orodha yake, kiliingizwa baadaye. Mwaka 2009 mashirika ya kimataifa ya kisukari na ya moyo yalikubaliana juu ya vigezo vitano, na mtu mwenye vitatu kati ya hivyo huhesabiwa kuwa nayo: kiuno kipana, presha ya 130 kwa 85 au zaidi, sukari ya asubuhi kabla ya kula inayofika milimoli 5.6 kwa lita, trigliseridi, yaani mafuta ya kwenye damu, zinazofika 1.7, na lehemu nzuri, yaani HDL, iliyo chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Anayetumia dawa kwa ajili ya moja ya hali hizo huhesabiwa kuwa na kigezo hicho hata kama namba yake imetulia. Kwa upande wa kiuno, Waafrika wa kusini mwa Sahara tuliambiwa tutumie kwa muda mipaka ya Wazungu, sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, hadi takwimu zetu wenyewe zitakapotosha. Jambo hilo la kuazima kipimo cha mwenzako litajitokeza tena, na kwa uzito zaidi, katika vinasaba.

Nianze na huduma yenyewe. Wakala ana chumba kimoja ghorofa ya tatu, na kijana aliyenipokea alikuwa na adabu njema. "Shikamoo mzee, umekula chochote ndani ya nusu saa?" aliniuliza kabla hata sijakaa. Nilikuwa nimetoka kunywa kahawa na kashata pale chini ya jengo, kwa hiyo ilinibidi nikae nusu saa nzima nikitazama ukuta, maana chakula, sigara na hata jojo huweza kuharibu sampuli. Kisha nikapewa chupa ndogo ya plastiki yenye mdomo mpana na mstari mweusi ambao mate yanapaswa kuufikia bila kuhesabu povu. Mtu hafahamu jinsi mate yanavyoadimika mpaka aambiwe atoe mililita mbili mbele ya mgeni. Baada ya dakika kumi nilikuwa bado niko chini ya mstari, kijana akaniambia, "Fikiria ndimu, mzee, ndimu yenye chumvi na pilipili kama ya kwenye embe bichi," na kwa kweli mate yalikuja kwa fujo. Alifunga kifuniko, dawa ya buluu iliyokuwa ndani ya kifuniko ikamwagikia sampuli ili isiharibike, akaitikisa, akaitia kwenye mfuko wake wa plastiki. Kwa upande huu sina lawama hata moja.

Lawama zinaanza kwenye makaratasi. Fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa tisa za Kiingereza cha kisheria, na kisanduku cha kukubali taarifa zangu zitumike katika tafiti za wengine kilikuwa tayari kimewekwa alama ya vema. Nilimwomba kijana aifute, akasema hajawahi kuombwa hivyo. Nilimuuliza pia kuhusu Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, ambayo msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali, na kama kampuni imefuata utaratibu wa kusafirisha sampuli. Akaahidi kuuliza makao makuu, na jibu sijalipata hadi leo. Halafu ikaja dodoso la maswali 14. Liliuliza rangi ya macho yangu. Liliuliza kama napenda vyakula vichungu. Halikuuliza ukubwa wa kiuno changu, wala presha yangu, wala sukari yangu, na hapakuwa hata na kiti cha kupimia presha katika chumba kile. Huduma inayodai kupima hatari ya jambo fulani bila kuangalia kama jambo hilo limeshatokea inafanana na mtu anayetabiri mvua huku amelowa.

Ripoti ilikuja kwa barua pepe, imepambwa vizuri. Ukurasa wa nne ulikuwa na duara la kijani na maneno "hatari ndogo", na chini yake maelezo kwamba nimeshika nafasi ya 31 kati ya 100, kwa maana kwamba kati ya watu mia moja, 69 wana hatari ya kurithi kubwa kuliko yangu. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilimwita mke wangu nikamwonyesha. Yeye ni mshonaji, na jibu lake lilikuwa kuvua futi shingoni na kunizungushia kiunoni, juu kidogo ya kitovu. "Baba Salma, toa pumzi, usijikaze," aliniambia, akasoma: sentimita 101. Hakuongeza neno. Alinionyesha tu kidole chake kilipoishia kwenye futi, akarudi kwenye cherehani.

Juma lililofuata nilikwenda maabara asubuhi bila kula. Presha ilikuwa 138 kwa 88, na ilipopimwa tena baada ya siku nne ikawa 136 kwa 88. Sukari ilikuwa 6.4. Trigliseridi zilikuwa 1.3 na HDL 1.2, zote salama. Vigezo vitatu kati ya vitano vilikuwa vimetimia. Sindromu ambayo ripoti ya kurasa 38 ilisema niko katika hatari ndogo ya kuipata nilikuwa nayo tayari, na kuigundua kulinigharimu shilingi 38,000, bila kuhesabu futi ya mke wangu.

Ni haki kueleza jinsi ripoti ilivyofikia duara lile la kijani, kwa sababu hawakulibuni tu. Kampuni hutazama maeneo mengi kwenye vinasaba ambako watu hutofautiana kwa herufi moja kati ya zile nne, A, C, G na T, ambazo vinasaba huandikwa kwazo, hulipatia kila toleo la herufi uzito wake, kisha hujumlisha kupata alama ya hatari. Maeneo mengi yana uzito mdogo mno. Machache yanajulikana sana na yalipewa kurasa zake.

La kwanza ni jeni inayoitwa TCF7L2, iliyogunduliwa mwaka 2006 na watafiti wa Iceland kuwa na uhusiano na kisukari cha aina ya pili. Toleo lenye herufi T huifanya kongosho itoe insulini kidogo kuliko inavyotakiwa, na kila nakala moja ya toleo hilo huongeza uwezekano wa kupata kisukari kwa takriban asilimia 40. Mimi ninayo nakala moja, ya baba au ya mama, ingawa kwa historia ya mama yangu nahisi najua ilikotoka. Ukurasa huu ndio ulioandikwa vizuri kuliko zote kati ya zile zilizohusu hatari ya kisukari. Uhusiano wa jeni hii na kisukari umethibitishwa Ulaya, Marekani na Afrika Magharibi pia, kwa hiyo hapa kampuni ilikuwa na haki ya kuniambia jambo kwa uhakika. Nilitamani tu waongeze habari moja muhimu. Katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani na matokeo yake makuu kuchapishwa mwaka 2002, watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, wenye wastani wa umri wa miaka 51, waligawanywa makundi. Waliopunguza uzito kwa lengo la asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58, wakati waliopewa metformini, dawa ya kisukari, walipunguza kwa asilimia 31. Vinasaba vyao vilipochunguzwa baadaye, wenye nakala mbili za T walionekana kuangukia kisukari kwa wingi zaidi, lakini katika kundi lililobadili chakula na mazoezi tofauti hiyo ilikuwa ndogo sana. Huo ndio ujumbe ambao mtu wa miaka 49 anauhitaji, na haukuwamo.

Eneo la pili ni jeni FTO, na hapa ndipo ripoti ilipoteleza. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba Wazungu wenye nakala mbili za toleo fulani la jeni hii wana uzito wa kilo tatu hivi zaidi ya wasio nalo. Mimi sina hata nakala moja, na ripoti ikanipongeza kwa herufi nene: "Huna jeni ya unene." Shida ni kwamba herufi inayopimwa si lazima iwe ndiyo inayoleta unene. Mara nyingi ni jirani tu. Ni kama kuelekezwa kwa fundi redio kwamba anakaa kwenye nyumba iliyo chini ya mwembe: mtaani kwake maelekezo yanatosha, lakini ukienda mtaa mwingine utaikuta miembe chungu nzima na fundi hayupo chini ya hata mmoja. Vinasaba vya Waafrika ni vya kale zaidi na vimechanganywa upya kwa vizazi vingi zaidi, hivyo majirani waliokaa pamoja Ulaya kwetu wameshatawanyika. Mwaka 2015 watafiti walifanikiwa kuonyesha herufi nyingine, ndani ya jeni hiyohiyo, inayobadili jinsi seli za mafuta zinavyochoma au kuhifadhi nishati, na toleo lake la hatari ni adimu kwa Waafrika. Kwa maneno mengine, walinipima mwembe. Pongezi zile hazikuwa na maana yoyote, ziwe za kweli au za uongo.

Jumla ya alama zote ina shida hiyohiyo kwa ukubwa zaidi. Katika ukurasa wa 36, kwa maandishi ambayo ilinibidi niyakuze kwenye simu, palikuwa na sentensi inayosema kwamba alama zimesanifiwa kwa watu wenye asili ya Ulaya na kwamba "huenda" zisiwe sahihi kwa wengine. Huenda? Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba takriban asilimia 79 ya washiriki wa tafiti zinazozaa alama hizi walikuwa wa asili ya Ulaya, na kwamba alama zenyewe zikitumiwa kwa watu wa asili ya Afrika uwezo wake wa kutabiri ulishuka kwa takriban mara nne na nusu. Hiyo nafasi yangu ya 31 kati ya 100 ilipangwa kwenye foleni ambayo mimi sikuwa nimesimama. Mahali pa sentensi ile palikuwa ukurasa wa kwanza, kabla ya malipo, kwa Kiswahili.

Wala haiwezi kusemwa kwamba hakuna kazi iliyofanyika kwetu. Mradi wa AWI-Gen uliwachunguza watu zaidi ya 10,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 60, yaani rika langu hasa, katika maeneo sita ya Afrika Kusini, Ghana, Burkina Faso na Kenya. Wa Kenya walitoka Korogocho na Viwandani, mitaa ya Nairobi. Uganda ina hazina yake ya vinasaba iliyotokana na vijiji vya Kyamulibwa, kusini magharibi mwa nchi. Mwaka 2019 watafiti waliokusanya takwimu za Wanigeria, Waghana na Wakenya waliitambua jeni ZRANB3 kuwa na uhusiano na kisukari kwa Waafrika. Nilitafuta jina hilo katika ripoti yangu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Halimo.

Bei ilijumuisha mazungumzo ya dakika 20 kwa video na mshauri wa vinasaba, na ninasema kwa dhati kwamba bibi huyu ndiye aliyeiokolea kampuni nyota moja. Nilimweleza kiuno changu, presha yangu na sukari yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia waziwazi kwamba nisilitazame tena lile duara la kijani. Alinieleza kwamba kuna mahali ambapo jeni moja tu inatosha kubadili mambo, akatoa mfano wa Greenland, ambako toleo moja la jeni TBC1D4, likirithiwa kwa baba na kwa mama, huongeza hatari ya kisukari kwa takriban mara kumi, na asilimia kama nne ya wenyeji wanalo hivyo; lakini kwa watu wengi duniani, mimi nikiwemo, urithi ni changarawe nyingi ndogo, hakuna jiwe hata moja. Nilipomuuliza kwa nini basi kampuni yake inauza duara, alicheka bila kujibu. Alinifafanulia pia jambo lililokuwa likinitatiza: watu wengi wa asili ya Afrika huwa na trigliseridi za chini hata pale mwili unapoanza kuikaidi insulini, kwa hiyo ile 1.3 yangu nisiichukue kama cheti cha afya.

Kurasa za chakula, kuanzia wa 12 hadi wa 22, nitazipitia haraka kwa kuwa hazistahili zaidi. Nimeshauriwa kula kinoa, matunda ya buluberi na samaki wa salmoni mara mbili kwa wiki. Hakuna neno juu ya ugali, wali wa nazi, chapati za asubuhi, wala chai yenye vijiko vitatu vya sukari, ambayo ndiyo iliyonifikisha kwenye sentimita 101. Ukurasa wa 23 uliniuzia vidonge vya vitamini "vilivyotengenezwa kwa ajili ya jeni zako" kwa malipo ya kila mwezi. Jeni zangu hazikuagiza vidonge, na sijaona ushahidi wowote wa kisayansi kwamba vidonge vya namna hiyo huizuia sindromu hii.

Sasa nifike kwenye ukurasa wa 31, ambao kwangu ndio peke yake uliorudisha thamani ya fedha yangu, na ambao kampuni iliuficha nyuma kama nyongeza, chini ya kichwa kisemacho kwamba ni habari za ziada zisizohusiana na alama ya hatari. Humo mlikuwa na mistari miwili: kwamba sina toleo la selimundu, na kwamba ninalo toleo la Kiafrika la jeni ya G6PD, kimeng'enya kinachozilinda seli nyekundu za damu, linalokipunguza nguvu kimeng'enya hicho. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, na mwanamume ana X moja tu, kwa hiyo hakuna nakala ya pili ya kusaidia. Toleo hili limeenea sana kwenye nchi zenye malaria, pwani yetu ikiwemo, kwa sababu linawapa walio nalo kinga fulani dhidi ya ugonjwa huo. Nilitaka kuupita ukurasa ule bila kuusoma mara ya pili.

Daktari wangu hakuupita. Nilikuwa nimempelekea matokeo yote pamoja, na kulikuwa na jambo ambalo halikuwa linamwingia akilini: sukari yangu ya asubuhi ilikuwa 6.4, lakini kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kilikuwa asilimia 5.5, kipimo cha mtu mzima wa afya. Alikuwa tayari kuamini kwamba ile ya asubuhi ni ya bahati mbaya. Alipofika kwenye ukurasa wa 31 aliweka kalamu chini. "Kumbe ndiyo sababu," alisema. Kipimo cha miezi mitatu hupima sukari iliyonata kwenye seli nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi siku 120 hivi. Mwenye toleo langu la G6PD seli zake hufa mapema, hivyo hazipati muda wa kukusanya sukari ya kutosha, na kipimo husoma chini kuliko hali halisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kwa wanaume wenye toleo hili usomaji hushuka kwa takriban asilimia 0.8. Ongeza hiyo kwenye 5.5 yangu unapata 6.3, na hapo tayari uko kwenye ukingo wa kisukari, mahali palepale ambapo sukari ya asubuhi ilikuwa imeniweka.

Aliagiza vipimo viwili. Kimoja cha kimeng'enya chenyewe, kilichothibitisha upungufu, maana matokeo ya mate ya kununua mtandaoni hayapaswi kuingia kwenye faili la mgonjwa bila kuthibitishwa maabara. Cha pili ni kile cha kunywa gramu 75 za glukosi na kusubiri saa mbili benchi. Nilitoka na 9.1, wakati mtu mzima wa afya hapaswi kufika 7.8. Tangu hapo tumekubaliana kwamba kipimo cha miezi mitatu hakitatumika kwangu peke yake, na kwenye daftari langu la kliniki imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba nina upungufu wa G6PD, pamoja na onyo juu ya dawa kama primakwini ya malaria, ambayo kwa watu wa aina yangu huweza kuvunja seli nyekundu.

Utaona basi jinsi mambo yalivyojipinda. Ukurasa niliouuziwa kwa mbwembwe, ule wa nne, ulinipoteza. Ukurasa usiotangazwa kabisa ulimfanya daktari anione vizuri zaidi. Na huo wa pili haukuhitaji kipimo cha shilingi 520,000. Upungufu wa G6PD unapimwa kwa damu katika maabara zetu, kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo, kwa yeyote atakayekumbuka kuuomba.

Nyota ninazotoa ni mbili kati ya tano: moja kwa mshauri wa video, moja kwa ukurasa wa 31. Kwa mtu wa makamo mwenye historia ya kisukari au presha katika familia, ninashauri fedha ziende kwanza kwenye futi, mashine ya presha na damu ya asubuhi, kila mwaka, na zikibaki ndipo afikirie mate. Wapo wanaosema kwamba kuziona jeni zako kutakutia hamasa ya kubadilika, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini uchambuzi wa tafiti 18 uliochapishwa mwaka 2016 haukukuta kwamba watu walioambiwa hatari yao ya vinasaba walibadili chakula, mazoezi wala sigara kuliko ambao hawakuambiwa. Kilichonitoa mimi kitini ni kile kidole cha mke wangu kwenye futi. Natembea kutoka Tabata hadi Buguruni jioni siku tano kwa wiki, nimeacha sukari kwenye chai, na wali nakula mara moja kwa siku. Baada ya miezi minne kiuno ni sentimita 95 na sukari ya asubuhi ni 5.8.

Limebaki suala la faragha. Kampuni kubwa ya Marekani ya vipimo vya aina hii, 23andMe, iliibiwa taarifa za watu takriban milioni 6.9 mwaka 2023, na mwezi Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, wateja wakabaki wanajiuliza vinasaba vyao vitauzwa kwa nani. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti, lakini sheria ya Dodoma haifiki kwa urahisi kwenye kompyuta iliyoko ng'ambo. Nilipomaliza na daktari niliiandikia kampuni iteketeze sampuli na kufuta faili langu. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa baada ya siku 11, kwa Kiingereza, ikiwa na namba ya uthibitisho na punguzo la asilimia 20 endapo ningependa kumpima pia mke wangu. Ukurasa wa 31 nimeutia nailoni, na hukaa ndani ya daftari la kliniki.